Mzazi Asifichwe Ugonjwa Wake

Katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, kumeota desturi ambayo wengi huiita heshima. Mzazi akiugua saratani, watoto huambiwa, majirani hunong'onezwa, na viongozi wa dini hujulishwa. Mwenye ugonjwa peke yake ndiye anayefichwa. Sisi tunasema wazi kwamba hiyo si heshima, wala si sehemu ya utamaduni wa Taifa letu. Ni woga wa watoto uliovikwa vazi la utamaduni.

Hatuandiki haya ili kuwanyooshea wengine vidole, kwani kosa hilo tumelitenda sisi wenyewe. Baba yetu, mkulima na mfugaji wa Mbulu, alianza kushindwa kumeza ugali. Baada ya miezi michache hata uji ulipita kwa shida. Tukamsindikiza hospitali. Madaktari walimpitisha kinywani mpira mwembamba wenye taa na kamera, wakakata kipande kidogo cha nyama kwa uchunguzi. Jibu lilikuwa saratani ya umio, yaani ya njia ya chakula itokayo kooni kwenda tumboni. Ilikuwa imeenea mno, haikuweza kukatwa. Lililobaki ni kumwekea bomba dogo la wavu wa chuma, ambalo hujitanua lenyewe ndani ya umio ili chakula kipite. Bomba hilo haliponyi saratani. Humwezesha mgonjwa kula katika siku alizobakiwa nazo.

Daktari alizungumza Kiswahili. Baba alijua Kiswahili cha mnadani tu, nasi tukawa wakalimani wake kwa Kiiraqw. Daktari alisema, "Mwelezeni mzee kwamba hii ni saratani, na kwamba hatuwezi kuiondoa." Sisi tukamwambia, "Baba, una kidonda kooni. Watakuwekea bomba, nawe utapona."

Maneno hayo machache yalimgharimu. Aliporudi nyumbani na kuanza kula, aliamini kwamba amepona. Akaenda kwenye sherehe ya jirani, akala nyama ya kuchoma kama zamani, ingawa mwenye bomba la namna ile hutakiwa kula chakula laini, kutafuna sana na kuketi wima. Mnofu ukaliziba bomba. Tulimrudisha hospitali usiku, hawezi kumeza hata mate yake. Ulipokwisha kutolewa, alituuliza, "Wanangu, daktari siku ile alisema maneno mengi, nanyi mliniletea machache. Mengine mlimpelekea nani?" Hatukuwa na la kujibu.

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini baba hakuficha maradhi yake. Waliomficha ni watoto wake.

Wapo wanaodai kwamba ukweli humuua mgonjwa kabla ya ugonjwa. Tunawauliza: mtu aliyeacha kula ugali, akaacha uji, akabaki kusumbuka na maji, hajui kwamba mwili wake una jambo? Anajua. Asilolijua ni jina la jambo hilo na muda alio nao. Tukimnyima hayo, tunamwacha abaki na hofu peke yake, huku sisi tukifarijiana nje ya wodi. Tena tunamnyima nafasi ya kugawa shamba na mifugo yake kwa kinywa chake mwenyewe, kulipa na kudai madeni, na kupatana na ndugu waliokosana naye.

Wengine husema, "Ndivyo mila zetu zilivyo." Mila zipi? Katika mikutano ya Wairaqw, mzee husimama akatongoa slufay, ile dua ndefu ya baraka, na watu wote wakamwitikia. Wabarabaig wa Hanang humjengea mzee mwenye sifa bung'eda, kilima cha udongo juu ya kaburi lake, kwa mazishi yanayochukua miezi. Jamii inayomheshimu mzee kiasi hicho mbele ya umma na baada ya kufa kwake haiwezi kudai kwamba mila inaagiza adanganywe angali hai. Ni kweli kwamba wazee wetu hawakurusha habari mbaya ovyo. Walichagua msemaji anayefaa, wakaketi, wakasalimiana, kisha wakasema. Hayo ni mafundisho ya namna ya kusema, wala hayakuwa amri ya kunyamaza.

Taifa zima limewahi kumsindikiza mzazi wake. Mwalimu Julius Nyerere alipofariki katika hospitali mjini London, tarehe 14 Oktoba 1999, wananchi walielezwa kwamba ugonjwa wake ulikuwa saratani ya damu. Ugonjwa ulitajwa kwa jina lake, na heshima ya Baba wa Taifa haikupungua hata chembe. Iweje basi jina hilohilo liwe aibu katika nyumba ya mkulima wa Dongobesh au mfugaji wa Basotu?

Wapo pia wanaosema kwamba mzee hakusoma, hivyo hataelewa. Hiyo ni dharau. Mfugaji aliyechinja na kupasua ng'ombe tangu ujana wake anaujua umio kuliko mwanafunzi aliyeuona kwenye mchoro kitabuni. Kinachokosekana ni mkalimani mwaminifu. Na haja ya mkalimani huyo ni kubwa katika sehemu zetu, ambako Kiiraqw, Kidatoga, Kinyiramba na Kihadza husikika, navyo havina asili moja. Mgonjwa aliyeanzia Hospitali ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, huenda akapelekwa KCMC mjini Moshi, au Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, iliyoundwa mwaka 1996. Kadiri anavyokwenda mbali na kwao, ndivyo masikio yake yote yanavyobaki mikononi mwa mtoto mmoja aliyefuatana naye.

Mtoto huyo mara nyingi ni mwanafunzi wa sekondari, kwa kuwa ndiye mwenye Kiswahili kizuri nyumbani. Kwa hiyo walimu hawana budi kumwandaa. Mwalimu wa biolojia anapofundisha umio, awaulize wanafunzi huitwaje katika lugha za nyumbani kwao. Mwalimu wa Kiswahili awazoeze kufasiri maneno ya mtu bila kuongeza wala kupunguza. Nao wahudumu wa afya wasiridhike kuona mzee anatikisa kichwa. Wamwombe aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichoelewa.

Hatusemi kwamba mgonjwa alazimishwe kusikia. Yuko mzazi atakayesema, "Sitaki kujua, mwambieni mwanangu mkubwa." Huyo ameamua, na uamuzi wake uheshimiwe. Lakini lazima kwanza aulizwe. Sisi hatukumwuliza baba. Tulimwambia ukweli baada ya usiku ule, naye akanyamaza kidogo, kisha akatutuma tukawaite ndugu zake. Alikuwa na mambo ya kuwaambia, na muda uliobaki ulikuwa mfupi kuliko ule tuliokwisha kumpotezea.