Betri ikichoka, mbona tutupe simu nzima?

Unakumbuka mulika mwizi? Betri ikichoka ulifungua kifuniko kwa kucha, ukatia nyingine, ukaendelea na shughuli zako. Simu ya siku hizi imebandikwa gundi. Betri ikifura, unampelekea fundi aipashe moto abandue kioo, huku roho iko mkononi. Changu kilipasuka. Nikalipia betri, nikalipia na kioo.

Eti gundi inazuia maji? Samsung Galaxy S5 ya 2014 ilistahimili maji, na kifuniko chake ulikibandua kwa mkono. Kwa hivyo inawezekana, ni vile tu hawataki.

Ulaya wameshaamka. Sheria yao ya 2023 inataka betri za vifaa vya mkononi ziweze kutolewa na mwenyewe kuanzia Februari 18, 2027, ingawa simu zisizoingiza maji zenye betri ya kudumu zimeachiwa mwanya. Sisi je? Wewe unayebeba abiria au kuuza mitumba kwa simu, ikizima umelala njaa. Bunge letu lidai haki hiyo hiyo. Nawe, kabla ulipe, muulize muuzaji: betri hii inatoka?