LUGHA NA ASILI YAKE: Jina la Ndovu na Safari ya Wazee Wetu

Katika kambi nyingi za askari huishi jamaa za makabila mbalimbali, mlango kwa mlango. Waulize majirani ndovu huitwaje kwao. Mganda atajibu enjovu, Mnyarwanda inzovu, Mkikuyu njogu. Hata Mshona wa Zimbabwe husema nzou, na Mzulu wa Afrika Kusini indlovu. Mbwa naye ni embwa kwa Waganda, imbwa kwa Wanyarwanda, na mbwa kwa wasemao Kilingala.

Mfanano huo si wa bahati. Malcolm Guthrie, mtaalamu Mwingereza, alilinganisha maneno ya namna hii katika vitabu vyake vilivyotoka kati ya mwaka 1967 na 1971. Leo wataalamu wengi husema kwamba lugha za Kibantu zina shina moja, karibu na mpaka wa Nigeria na Kamerun, nazo zilianza kutawanyika yapata miaka 4,000 hadi 5,000 iliyopita.

Je, walihama watu, au maneno tu yalipokezanwa? Mwaka 2023 ulitangazwa uchunguzi wa vinasaba, yaani chembe za urithi, vya Wabantu zaidi ya 1,500 kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Ilionekana kwamba kadiri watu wanavyokaa mbali na Afrika ya Magharibi, ndivyo tofauti za urithi baina yao zinavyopungua. Hiyo ni dalili ya watu waliohama, kundi likimeguka kutoka kundi. Tena ilionekana kwamba wahamaji hao walizaa na wenyeji waliowakuta njiani.

Hata hivyo, tusiharakishe kuhukumu. Neno laweza kusafiri bila kabila kuhama. Farasi ni neno la Kiarabu. Waganda wakalipokea na kusema embalaasi, wala hawakugeuka Waarabu. Jina la mnyama huonyesha nani alikutana na nani; halitoshi kueleza nani alimzaa nani.

Jambo hili si la mchezo. Mwaka 1994 nchini Rwanda, Watutsi waliuawa kwa mamia ya maelfu, na miongoni mwa silaha za wauaji ilikuwamo hadithi kwamba Watutsi ni wageni waliotoka mbali. Lakini waliouawa na waliowaua walisema lugha moja, na ng'ombe wote walimwita inka.

Basi mtu akikujia na habari za kabila lenye damu safi, kumbuka kwamba sayansi haikuliona. Wazee wetu sote walikuwa wasafiri, na kila walipotua walioa na kuolewa.

Wazazi, juma hili watumeni watoto kwa majirani wakaulize jina la mbuzi, waliandike daftarini, kisha walilinganishe na la nyumbani.