Ofisi Zishikane Mikono Kuwalea Wanafunzi

Kila mwaka wa masomo unapoanza, skuli zetu za Unguja na Pemba hupokea maelfu ya watoto, na kila mwaka unapokwisha wamo miongoni mwao ambao hawaonekani tena madarasani. Wengine wameacha wenyewe, wengine wameachishwa kwa maneno mafupi ya "huyu hafai." Leo tungependa kusema juu ya hao wa pili, kwa kuwa ndio wanaosahauliwa upesi zaidi. Mtoto aliyefeli mtihani huonewa huruma. Mtoto anayetukana, anayepigana, anayetoroka baada ya kipindi cha pili na kukutwa dikoni au ufukweni kwenye watalii, huyo akiondoka watu hushusha pumzi kwamba kero imekwisha. Kero haijaisha, imehamia mtaani, ambako itakua na kurejea kwetu ikiwa na ndevu.

Hatusemi haya kwa kumlaumu mwalimu. Mwalimu mwenye darasa lililojaa, katika skuli inayopokea mkondo wa asubuhi na mkondo wa mchana, hana saa ya kumweka mtoto mmoja kando akamwuliza kulikoni. Alicho nacho ni bakora na barua ya kumwita mzazi, na vyote viwili humaliza kazi kwa dakika tano. Lakini utukutu ni kama homa. Homa ni dalili, na tabibu mwenye busara hairidhishi nafsi yake kwa kuishusha homa kabla ya kujua imetoka wapi.

Tutazame hiyo homa hutoka wapi. Yupo mtoto asiyesikia vizuri kwa maradhi ya masikio yasiyotibiwa, akaitwa mkaidi kwa kuwa akiitwa haitiki. Yupo anayefika skuli hajala tangu jana. Yupo ambaye wazazi wake wameachana, naye huzungushwa baina ya nyumba ya bibi na ya shangazi, asijue usiku huu atalala wapi. Yupo anayemuuguza mzee nyumbani. Yupo ambaye mchumo wa karafuu humwondoa darasani kwa wiki kadhaa, na akirudi huona ni heri afanye fujo kuliko kuonekana mjinga. Na yupo, Mwenyezi Mungu atuepushe, anayedhulumiwa mwili wake na mtu mzima aliye karibu naye, wala hana ulimi wa kulisema. Hao wote sita, wakiwa wamesimama mbele ya darasa, wana sura moja, na kwa desturi tuliyoizoea hupata dawa moja.

Dawa hiyo wameionja mno. Uchunguzi wa taifa juu ya ukatili dhidi ya watoto uliofanywa nchini Tanzania mwaka 2009, na matokeo yake kutolewa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya wasichana na wavulana walikwisha kupigwa au kudhuriwa mwilini kabla ya kutimiza miaka 18. Kama kipigo peke yake kingekuwa kinatengeneza tabia, basi leo visiwa vyetu visingekuwa na mtoto mtukutu hata mmoja.

Hao sita tuliowataja wanahitaji milango sita tofauti. Wa kwanza anahitaji daktari, wa pili anahitaji kamati ya skuli na ustawi wa jamii, wa tatu anahitaji wazee na pengine kadhi, wa sita anahitaji polisi wa dawati la jinsia na watoto. Milango hiyo ipo, na kila mmoja una ofisa wake, daftari lake na mkubwa wake. Shida ni kwamba milango haizungumzi. Mwalimu anajua utoro. Muuguzi anajua ugonjwa. Sheha anajua talaka. Mwalimu wa chuo anajua kwamba mtoto yule yule aliye mkorofi asubuhi ni mpole anaposoma Kurani jioni. Kila mmoja ameshika kipande, na hapana aliyekaa akaviunganisha vipande. Mzigo wa kuviunganisha huachiwa mama, ambaye pengine hutegemea maji ya bamvua kwa kilimo chake cha mwani na hawezi kupoteza siku tano, na nauli ya siku tano, akigonga mlango mmoja baada ya mwingine na kuanza hadithi yake upya kila anapoketi.

Wenzetu wa Uingereza walijifunza jambo hili kwa msiba. Mwezi Februari mwaka 2000, mtoto wa miaka minane, Victoria Climbié, aliyezaliwa Ivory Coast na kupelekwa Ulaya na jamaa yake kwa ahadi ya kusomeshwa, alikufa mjini London kwa mateso ya watu waliokuwa wakimlea. Huko London hakupata kuandikishwa skuli yoyote. Hospitali zilimwona, polisi walimwona, ofisi za ustawi zilimwona. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Laming ulitoa taarifa yake Januari 2003, ukaonyesha kwamba zilipatikana nafasi zisizopungua 12 ambazo mtoto yule angeweza kuokolewa, na zote zikapotea. Mwaka uliofuata, 2004, Bunge lao lilipitisha sheria ya watoto iliyozilazimisha idara hizo kushirikiana. Sisi ambao kwetu ni jambo la kawaida kumpeleka mtoto wa shamba kwa jamaa wa mjini ili asome, yafaa tuisome habari hiyo mara mbili.

Kabla ya sheria hiyo, mwaka 2002, Serikali ya Uingereza ilikuwa imekwisha kuanzisha katika maeneo 34 ya elimu vikosi vya kusaidia tabia na elimu. Kikosi kilihudumia fungu la skuli jirani, za msingi na za sekondari, kwa watoto wa miaka 5 hadi 18. Ndani yake walichanganywa watu wa elimu, ustawi wa jamii na afya: mwalimu mzoefu wa watoto wenye matatizo ya tabia, ofisa wa mahudhurio, mtaalamu wa elimu ya nafsi, muuguzi, na mfanyakazi wa kuwatembelea wazazi majumbani. Tathmini iliyotolewa mwaka 2005 ilionyesha manufaa kwa watoto, kwa wazazi na kwa skuli zenyewe. Ikumbukwe kwamba bakora ilikuwa imekwisha kuondolewa katika skuli za serikali za nchi hiyo tangu mwaka 1987. Zilipita takriban miaka 15 baina ya kuondoa fimbo na kuleta vikosi hivyo. Funzo ni kwamba kupiga marufuku bakora ni nusu ya kazi. Mwalimu aliyenyang'anywa fimbo lazima apewe kitu kingine mkononi.

Hatuna haja ya kwenda London kutafuta kielelezo. Mwaka 2011, katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, kilifunguliwa Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo mtoto au mtu mzima aliyefanyiwa udhalilishaji hukutana na daktari, mshauri nasaha, ofisa wa ustawi na polisi mahali pamoja, badala ya kuzungushwa mji mzima na aibu yake. Mwaka huo huo ilipatikana Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, sheria iliyopata sifa duniani hata ikatunukiwa tuzo ya dhahabu ya sera bora mwaka 2015. Maana yake ni kwamba wazo la ofisi kushikana mikono tunalo, na sheria tunayo. Lakini Kituo humpokea mtoto akiwa amekwisha kuumia. Tunachokiomba ni kwamba mikono hiyo hiyo imfikie mapema, siku ile mwalimu anapoandika kwa mara ya tatu kuwa mtoto fulani hakuonekana darasani.

Tunajua yatakayosemwa. Wazee watatukumbusha kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Ni kweli, na sisi hatusemi mtoto aachiwe afanye atakalo. Kumfuata mtoto mpaka nyumbani kwao, kumkalisha pamoja na wazazi wake na kumwekea masharti anayoulizwa kila wiki, ni ukali mkubwa kuliko viboko vinne vinavyosahauliwa kabla ya kengele. Wengine watasema manahodha wengi chombo huenda mrama. Hao tunawaunga mkono moja kwa moja. Kikosi kisichokuwa na kiongozi kitageuka kikao kingine cha chai. Kwa hiyo kila mtoto awe na ofisa mmoja, anayejulikana kwa jina na mzazi, ambaye ndiye atakayeulizwa mambo yakiharibika.

Lipo pia suala la siri. Katika shehia zetu habari hutangulia mtu kufika kwake, na familia nyingi huficha shida kwa kuchelea fedheha. Kikosi kitakachovujisha neno moja kitafungiwa milango yote. Basi iwekwe kanuni ya wazi: kila mmoja aelezwe kile tu anachokihitaji kwa kazi yake, na jalada la mtoto lisiwe gazeti la baraza. Ila palipo na dhuluma juu ya mtoto, hapo pasiwe na kuficha wala suluhu ya kifamilia; jambo liende mbele ya sheria.

Mwisho litakuja suala la fedha. Idadi ya watu wetu, kwa sensa ya mwaka 2022, ni 1,889,773, na maofisa wa ustawi hawawezi kuongezeka kwa kasi ya watoto wanaozaliwa. Kwa sababu hiyo hasa hatupendekezi wizara mpya wala jengo jipya. Tunapendekeza wilaya moja ya Unguja na moja ya Pemba zianze. Katika kila moja watengwe watu watano waliokwishaajiriwa: mwalimu mshauri, ofisa ustawi, muuguzi, polisi wa dawati, na mtu wa kufika majumbani. Wakutane siku moja ya wiki, kwenye skuli, wakiwa na jalada moja kwa kila mtoto. Sheha na mwalimu wa chuo waalikwe panapohitajika. Mzazi awepo kikaoni na apewe nafasi ya kusema kwanza. Wapewe chombo cha usafiri, kwa maana ofisa asiye na usafiri hufika tu kule anakoweza kwenda kwa miguu. Baada ya mwaka, zihesabiwe siku walizohudhuria watoto hao kabla na baada, na hesabu hiyo itangazwe, iwe nzuri au mbaya.

Wakuu wa wizara za elimu, afya na maendeleo ya jamii wataona kwamba gharama kubwa ya mpango huu ni ya moyo kuliko ya fedha: kila idara ikubali ofisa wake aelekezwe na mtu wa idara nyingine kwa siku moja ya wiki. Hapo ndipo mipango mingi mizuri hukwama. Tunawasihi wasikubali ikwame hapo, kwa maana mtoto hajui mipaka ya wizara na shida yake haiji ikiwa na anwani.

Nanyi wazazi, mkiitwa skuli nendeni, wote wawili, hata mliokwisha kuachana. Mkono mmoja haulei mwana, na mkono wa Serikali ukija peke yake nao ni mmoja.