Bwawa la shamba si kidimbwi cha kuogelea

Jumapili baada ya ibada, familia nyingi za Nairobi na viunga vyake hufunga safari kuelekea Kiambu, Ruiru na Thika. Huko kuna mashamba ya kahawa ambayo wenyewe wamegundua kwamba bwawa la kunyunyizia mimea linaweza pia kuleta wageni. Getini kuna ada ya mtu mzima na ada ya mtoto. Ndani kuna nyasi za kutandika leso, mashua za kupiga kasia, moshi wa nyama choma, pengine farasi mmoja mzee wa kuwabeba watoto kwa zamu.

Mzazi akishalipa ile ada, huwa anaamini bila kujua kwamba amelipia pia jicho la kumtazamia mtoto. Hajalipia. Kijana wa getini kazi yake ni kupokea pesa, na wa mashua kazi yake ni mashua. Mtu aliyefunzwa uokoaji, ambaye hana shughuli nyingine ila kutazama maji, hafai kudhaniwa tu kwamba yupo. Aulizwe. Jibu likiwa ni tabasamu na "hapa hakuna shida, mama", basi mlinzi wa mtoto siku hiyo ni mzazi mwenyewe.

Bwawa la namna hii halikuchimbwa kwa ajili ya watoto. Lilijengwa kwa kuziba kijito kwa tuta la udongo, ili maji yajikusanye hadi kiangazi. Kwa hiyo sakafu yake haiteremki polepole kama ya kidimbwi cha hotelini. Upande ambako kijito kinaingia maji huwa machache, lakini chini kuna tope lililokusanyika kwa miaka, na mguu wa mtoto ukizama humo hautoki kwa urahisi. Upande wa tuta ndiko kwenye kina kirefu zaidi, na mara nyingi hatua mbili tu kutoka ukingoni zinatosha kumfunika mtu mzima. Maji yenyewe ni ya rangi ya chai ya maziwa. Mtoto akizama kidogo tu chini ya uso wake, haonekani.

Kuna pia mabomba ya kutolea maji kwenda shambani, ambayo yakifunguliwa huvuta, na mkondo wa kando wa kumwagia maji ya ziada wakati wa mvua, ambao watoto huuona kama bembea ya kuteleza. Na yale mabwawa madogo ya siku hizi, yaliyotandikwa karatasi nyeusi ya plastiki, ni hatari ya aina yake. Plastiki hiyo ikilowa huteleza kama sabuni. Hata mtu mzima anayejua kuogelea anaweza kushindwa kupanda kutoka humo iwapo hakuna kamba au ngazi. Bwawa la aina hiyo lapaswa kuzungushiwa ua wenye lango linalofungwa, na kamba yenye mafundo iachwe ikining'inia ndani wakati wote.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021 kote duniani. Karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5, na zaidi ya vifo tisa katika kila kumi vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wengi wanaposikia habari hizi hufikiria bahari au Ziwa Victoria. Lakini mtoto wa miaka miwili hahitaji ziwa. Hata karai linamtosha.

Jambo linalowaponza wazazi zaidi ni kudhani kwamba anayezama hupiga kelele. Katika filamu ndivyo ilivyo. Kwa kweli mtoto anayezama huwa kimya, kwa sababu mdomo wake uko chini ya maji au unachomoza kwa nukta moja tu kuvuta hewa, na mikono yake inasukuma maji chini badala ya kupunga. Kwa mbali anaonekana kama anayecheza. Yote hayo yanaweza kwisha kabla dakika moja haijatimia, muda wa kujibu ujumbe mmoja wa WhatsApp.

Ndiyo maana wataalamu husisitiza umbali wa mkono: mtoto mdogo akiwa majini au karibu nayo, mtu mzima awe pale anapoweza kumshika bila kupiga hatua. Katika mandari ya ukoo mzima, pale ambapo shangazi wapo, wajomba wapo na binamu wapo, kila mtu hudhani mwingine anatazama. Heri mtu mmoja atajwe kwa jina, apewe nusu saa, aweke simu na kinywaji kando, kisha apokewe na mwingine. Kumkabidhi kazi hiyo dada wa miaka kumi ni kumwonea.

Kwenye mashua, kila abiria avae jaketi la kuokolea, na la mtoto liwe la uzito wake. Kulijaribu ni rahisi. Akishavalishwa na kufungwa, anyanyuliwe kidogo kwa kushika mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa na litamvuka majini. Maputo ya mikononi na maboya ya bata yanayouzwa mtaani ni vitu vya kuchezea tu.

Ajali ikitokea, wa kwanza kurukia maji mara nyingi huwa baba au kaka ambaye hajui kuogelea, na nyumba moja hupata misiba miwili. Anayezama hurushiwa kitu kinachoelea au hunyooshewa fimbo, tawi, hata leso iliyosokotwa. Mtungi mtupu wa lita 20 uliofungwa kifuniko na kufungiwa kamba unamtosha mtu mzima kujishikiza. Mwenye bwawa asiye hata na mtungi wa namna hiyo pale ukingoni hana kisingizio, maana bei yake haifiki kilo moja ya hiyo nyama anayoiuza.

Akishatolewa, kuna desturi ya kumning'iniza mtoto kichwa chini au kumkanyaga tumbo ili atapike maji. Desturi hiyo inaua. Inapoteza dakika chache ambazo ubongo unaweza kuvumilia bila hewa, na matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Mtoto asiyepumua hulazwa chali, kichwa kikainuliwa kidogo kwa kidevu, pua ikabanwa, akapulizwa hewa mdomoni mara tano hadi kifua kionekane kikipanda. Asiporudiwa na uhai, kifua hubonyezwa katikati kwa nguvu na haraka, mara 30, kisha pumzi mbili, na mzunguko huo hauachwi hadi apumue au msaada ufike, huku mwingine akipiga 999 na kutafuta gari. Mtoto aliyepumua tena naye apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo, hata akiomba soda na kucheka. Mapafu yaliyoingiwa na maji yanaweza kuanza kushindwa saa kadhaa baadaye.

Mahali pa kutandika leso nako kunahitaji jicho. Nyasi mbichi zaidi na kivuli kizuri mara nyingi huwa chini ya tuta, upande usio na maji, na huko ndiko wengine hupiga hema. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, katikati ya mvua kubwa za masika, bwawa la mtu binafsi lilipasuka huko Solai, Kaunti ya Nakuru. Maji na tope viliteremkia makazi yaliyokuwa chini na kuua zaidi ya watu 40, wakiwemo watoto waliokuwa nyumbani kwao. Hawakuwa wageni wa kupiga picha. Walikuwa majirani wa bwawa.

Mara nyingi tuta la udongo halipasuki bila kutoa dalili, ingawa dalili hizo zahitaji mtu wa kuzitazama. Maji yanayovuja chini yake yakiwa na rangi ya tope yanamaanisha kwamba yanabeba udongo wa ndani. Nyufa juu ya tuta, sehemu iliyobonyea, mashimo ya wanyama, miti mikubwa iliyoachwa ikaota juu yake, au mkondo wa maji ya ziada ulioziba kwa magugu, vyote ni vya kuulizia. Chini ya Sheria ya Maji ya 2016, bwawa kama hilo linahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Mzazi anayeulizia kibali hicho getini ataonekana msumbufu, na aonekane tu. Jirani anayeishi chini ya tuta ana sababu kubwa zaidi ya kuuliza, naye anaweza kupeleka malalamiko kwa chifu na kwa ofisi ya mamlaka hiyo.

Limebaki la kichocho. Maji yaliyotulia, yenye majani ukingoni, ndiyo makazi ya konokono wanaobeba vimelea hivyo, na vimelea hupenya ngozi bila mtoto kunywa hata tone. Mwea, Pwani na ukanda wa Ziwa Victoria wanaujua ugonjwa huu vizuri. Baada ya kuingia majini mtoto anaweza kuwashwa ngozi, wiki kadhaa baadaye akapata homa, na baadaye damu ikaonekana kwenye mkojo au choo. Mayai ya vimelea hayaonekani mapema kwenye vipimo, na dawa ya prazikwanteli haiui vizuri minyoo ambayo bado ni michanga. Kwa hiyo hata mtoto asiye na dalili yoyote apelekwe kupimwa miezi miwili hivi baada ya safari, na daktari aambiwe ni bwawa gani aliloingia na lini.