Zawadi ya mama ilipogeuka kichanja cha kuku

Mzazi mwenzangu, wiki hii nakuletea kisa cha nyumbani kwangu. Najua si mimi peke yangu niliyeolewa na fundi asiyejua Jumapili.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea hapa Singida mjini. Mageti, grili za madirisha, vitanda vya chuma, vyote hupita mikononi mwake. Anatoka alfajiri, anarudi usiku. Hata zawadi hanunui, hutengeneza mwenyewe kwa mabaki ya nondo. Miaka mitatu iliyopita alimtengenezea mama yake stendi ya maua, imepindwa kama majani. Tuliipakia kwenye basi hadi kijijini kwao Iramba. Mama mkwe aliipokea kwa vigelegele.

Mwaka huu shule zilipofungwa mwezi wa sita, simu ikaita. Mama ameanguka jikoni, ameteguka mkono. Mume wangu alikuwa na geti la mteja limefika nusu, na pesa ya awali alishaipokea. Akaondoka ananung'unika. "Siku tatu tu," aliniambia. Alikaa siku tisa.

Mimi na watoto tulimfuata siku ya tano. Nilimkuta uani, hana mashine, hana grenda, hana la kufanya. Akaninyooshea kidole nyuma ya jiko. Ile stendi ya maua ilikuwa pale, kuku watano wamepanda juu yake kulala.

"Mama, hii si ile niliyokuletea?"

"Ndiyo hiyo, mwanangu. Kuku wanaipenda! Kicheche hawapati tena."

Tulicheka mpaka machozi. Lakini usiku mwenzangu hakupata usingizi. "Miaka yote hii," aliniambia, "sijawahi kukaa nikamtazama mama akipika."

Kesho yake akakaa akatazama. Mama anapikia kuni, mafiga matatu, na akipona mkono atarudi kusonga ugali wake wa uwele akiwa kwenye kigoda kifupi. Kukaa si tabu. Tabu ni kuinuka. Magoti hayana nguvu, hivyo hujivuta kwa kushika nguzo. Siku aliyoanguka, nguzo ilikuwa mbali na mkono wake.

Futi ya kupimia ilibaki mjini. Mume wangu akachukua kamba, akapiga fundo kwenye urefu wa goti la mama, na jingine kwenye kiwiko.

"Unanipimia sanda?" mama akauliza.

"Hapana mama. Nakupimia kiti."

Tuliporudi mjini, kamba ile ndiyo iliyokuwa ramani. Akatengeneza kigoda kirefu kidogo kuliko cha zamani, chenye mikono miwili ya kujisukumia wakati wa kuinuka. Miguu ni ya nondo ya milimita 12, imepanuliwa chini kisipinduke. Pa kukalia ni ubao, kwa sababu chuma karibu na moto hushika joto. Binti yetu wa darasa la nne ndiye aliyepaka rangi. Siku mama alipokikalia na kuinuka bila kushika nguzo, hakupiga vigelegele. Alikaa tena, akainuka tena.

Mteja wa geti alilalamika, na haki ilikuwa yake. Tulimpunguzia bei, na mwezi ule tulibana matumizi. Sikufichi hilo.

Nilichojifunza ni hiki: zawadi haianzii karakanani, inaanzia kwenye kumtazama mtu. Mikono ya fundi ni ileile iliyotengeneza stendi. Kilichobadilika ni kwamba safari hii alikuwa amekaa na mama. Hata wewe unayeshona, unayepika au unayenunua dukani, kabla ya kutoa pesa, kaa na mtu huyo siku nzima uone anahangaikia nini.

Kama nyumbani kuna fundi, washirikishe watoto kupima, kuchagua na kupaka rangi. Wakati wa kuchomelea wakae mbali, kwani mwanga ule huunguza macho hata kwa kutazama kidogo. Chuma chenye zinki kisichomelewe ovyo, moshi wake una sumu. Na kingo zote zisuguliwe kabla mtoto hajagusa.

Siku hizi Jumapili karakana inafungwa. Tunakwenda na watoto kando ya Ziwa Singidani. Juzi mdogo wetu alisimama kwa mguu mmoja akiigiza heroe, baba yake akaokota kijiti na kuanza kuchora mchangani. Sikumuuliza anachora nini.

Na stendi ya maua? Aliomba airudishe mjini aibadilishe iwe kitu cha maana. Mama akakataa katakata. "Sasa kuku wangu walale wapi?"