Mguu Mzima Ndio Kipimo cha Mguu Uliovunjika



Safu hii kwa kawaida ni ya mazao na mifugo. Mwezi huu tuzungumze juu ya mwili wa mkulima mwenyewe. Watu huvunjika mapaja kwa kuanguka mtini, kwa kupinduka na mkokoteni, na siku hizi kwa pikipiki. Wengi hupona. Lakini baadhi yao hubaki na mguu mmoja mfupi. Mtu huyo huchechemea, kiuno humwuma, na kupandisha gunia mlimani humshinda.

Kwa nini mguu huwa mfupi? Paja lina misuli yenye nguvu sana. Mfupa ukivunjika, misuli huvuta kipande cha chini kwenda juu, na vipande hupandana. Siku zikipita, misuli hukaza. Kuurudisha mfupa mahali pake huwa kazi ngumu. Kwa hiyo mgonjwa apelekwe hospitali siku ile ile. Tena damu hupotea ndani ya paja, hata lita moja na zaidi, bila kuonekana nje. Fungeni mguu uliovunjika pamoja na mguu mzima kwa vitambaa. Mchukueni mgonjwa kwa machela. Msiuvute mguu wenyewe.

Hospitalini, daktari huweza kuingiza chuma kirefu ndani ya mfupa. Njia hii ilianzishwa Ujerumani mwaka 1939 na daktari Gerhard Küntscher. Chuma chake hakikufungwa kwa skrubu, hivyo mfupa uliosagika uliweza kushuka na kufupika. Chuma cha siku hizi hufungwa kwa skrubu juu na chini. Zikishafungwa, urefu wa mguu umekwisha kuamuliwa. Basi kupima ni kabla ya kufunga.

Mfupa ukivunjika vipande viwili tu, ncha zake hukutana kama vigae vya chungu kimoja. Ukisagika, hakuna ncha za kukutanisha. Hapo kipimo ni mguu mzima. Hupimwa kwa utepe, kutoka ncha ya mfupa wa nyonga, pale mkanda wa suruali unapokaa, hadi kifundo cha mguu upande wa ndani. Paja zima huweza pia kupigwa picha ya eksirei pamoja na rula. Kisha mguu uliovunjika huvutwa mpaka ulingane na mwenzake. Ukivutwa kupita kiasi, utakuwa mrefu, na hilo nalo ni kosa.

Ninyi mnaopanda kwa kamba mnajua. Kamba ikipinda, mistari yote huenda kombo. Nyonga ikilala upande, au goti moja likikunjwa, utepe nao husema uongo.

Pasipo na vyuma hivyo, mgonjwa hulazwa wiki nyingi, mguu ukivutwa kwa uzito unaoning'inia. Ndugu wanaokuja kumtazama wasiuinue uzito huo kwa kumhurumia!

Mtoto wa miaka 2 hadi 10 ni habari nyingine. Mfupa wake uliovunjika hukua haraka kuliko mwenzake, kiasi cha sentimeta 1. Daktari akiuacha mfupi kidogo, msimlaumu.

Kwa mtu mzima, tofauti isiyozidi sentimeta 2 wengi huizoea, au fundi viatu huongeza soli. Ikizidi hapo, rudi mapema, kabla mfupa haujaunga kabisa. Uliza miguu yako inatofautiana sentimeta ngapi, na jibu liandikwe katika daftari lako la hospitali.