Ekuteri za muziki: sikio ni lile lile



Kila asubuhi, ndani ya basi ya kazi, ninaona vijana wetu wamejifunga masikio na ekuteri. Huyu anasikiliza rumba, yule nyimbo za dini. Kuna na wale wanaopenda muziki unaoitwa metali: magitaa makali, ngoma za haraka, mwimbaji anayenguruma. Hata Afrika yetu inaupiga: kikundi Duma cha Nairobi kilitoa sahani yake mwaka 2020. Wazee wanasema: «Ile ni fujo, muiache!» Mimi msaidizi wa mganga sikubaliani nao. Kosa haliko katika muziki. Liko katika kuchagua ekuteri vibaya na kupandisha sauti kupita kiasi.

Fahamu kwanza jambo moja: sikio la kazi na sikio la muziki ni lile lile. Kelele hupimwa kwa desibeli. Ikifika 85, mtu asiye na kinga asikae humo kupita saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda unakatwa nusu: kwa 88 ni saa 4, kwa 91 saa 2, kwa 94 saa 1, na kwa 100 ni dakika 15 tu. Telefone yenye ekuteri inaweza kupita 100. Basi wewe uliyeshinda karibu na mashine ya kusaga mawe, posho yako ya kelele ya siku hiyo umekwisha kuila karibu yote. Ukipanda basi na kufungua muziki mpaka mwisho, unakula posho ya kesho.

Na metali ina uzito wake. Katika rumba, gitaa linaanza polepole na mwimbaji anapumzika. Metali nyingi inarekodiwa kwa nguvu ileile toka mwanzo mpaka mwisho, na sikio halipati nafasi ya kupumua. Mwaka 2008 wasikilizaji wengi wa Metallica wenyewe walilalamika kwamba sahani «Death Magnetic» ilisukumwa sauti kupita kiasi.

Sasa, ununue ekuteri gani? Pale soko la Kenya, watu wanamwuliza mwuzaji: «Ipi inapiga sana?» Ulizo hilo si zuri. Uliza: «Ipi inazuia kelele za nje?» Sababu ni hii: ndani ya basi unapandisha sauti ili uishinde mota. Kama mota haikufikii, utasikia gitaa lako vizuri kwa sauti ya chini.

1. Kaske inayofunika sikio lote, yenye mgongo uliofungwa, ni nzuri. Ile yenye mgongo wazi inafaa katika chumba kitulivu tu.

2. Ekuteri ndogo zenye mpira laini unaoziba tundu la sikio zinafaa pia. Zioshe mpira, usimwazime mwenzako, wala usizitie katika sikio linalotoa usaha.

3. Zile za plastiki ngumu zisizoziba kitu ni rahisi kwa bei, lakini zinakulazimisha kupandisha sauti.

4. Kuna kaske za umeme zinazopunguza mngurumo wa mota. Ni nzuri kwa safari, lakini si kinga ya kazini.

Hata ukiwa na kaske bora, sauti isipite asilimia 60 ya nguvu ya telefone. Na usivae ekuteri kazini, hata chini ya kinga ya masikio. Lori linalorudi nyuma linalia ili kukuonya, wala halitangoja wimbo uishe. Ukivuka barabara, zitoe vilevile.

Kijana mmoja alikuja kwangu kupimwa masikio. Kazini anavaa kinga yake vizuri, lakini usiku analala na muziki masikioni. Aliniambia: «Mganga, ninasikia mtoto wangu anasema, lakini sifahamu anasema nini.» Ndivyo ugonjwa huu unavyoanza. Sauti nyembamba zinapotea kwanza: za watoto, na herufi kama s na f. Hakuna maumivu, kwa hiyo mtu anachelewa kuja. Kijana yule hana hata miaka 30.

Nimalize na habari ya mfanyakazi mwenzetu. Mwaka 1965, katika mji wa Birmingham, Uingereza, kijana wa miaka 17 anayeitwa Tony Iommi alikatwa na mashine ncha za vidole viwili kiwandani, siku yake ya mwisho kazini. Alijitengenezea kofia ndogo za vidole kwa plastiki ya chupa iliyoyeyushwa, akarudi kwenye gitaa, na pamoja na kikundi chake Black Sabbath akaweka msingi wa metali. Kidole kilipata kofia. Lakini ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti. Vikifa havioti tena, na dawa ya kuvirudisha hakuna.

Ndugu, sikiliza muziki wako. Lakini uusikilize hivi kwamba siku ya pensheni utaweza kuusikia bado, wewe na wajukuu wako.

Jikinge kazini, jikinge na nyumbani!